Chaki ya Fundi

Limi, niliyempa jina la jua kwa lugha ya bibi yake,
amesimika msumari kwenye ufa wa jiwe
nyuma ya nyumba yetu, Mabatini,
na kuniibia chaki ya kukatia nguo.
Kivuli kikisogea, anapiga mstari.
Saa mbili: mrefu kama mguu wa korongo.
Saa nne: umepungua.
Redio ya jirani ikatangaza saa sita kamili,
naye akaja mbio, vumbi hadi kwenye nyusi:
"Mama, redio inadanganya.
Kivuli bado kinafupika."

Nikaacha pindo la gauni la watu,
nikachuchumaa. Kweli, kilikuwa kinafupika,
taratibu, kama mtu akunjaye mkeka bila safari,
hadi saa saba kasorobo ndipo kikageuka.

"Kwa nini?"

Nilisoma mpaka la saba.
Mwalimu wetu alikuwa na fimbo maalumu
kwa maswali ya namna hiyo.
Nikasema neno ambalo sikuwahi kulisikia likitoka mbele ya darasa:
Sijui.
Andika. Kesho tutazame tena.

Shija ana miaka mitatu; yeye elimu yake ni ya vidole.
Maharage matano niliyomwekea kwenye kopo, juu ya pamba iliyoloa,
aliyafukua kila asubuhi kuyauliza kama yameota.
Matatu yakaoza kwa kuulizwa.
Dada yake akaandika ukutani kwa mkaa: LEO YANANUKA.
Siku ya tano moja likatoa kimkia cheupe.
Shija akaling'ata, akatema.
"Halijaiva," alisema.
Hilo nalo tuliliandika.

Jumapili tukashuka ziwani na ndoo.
Gugumaji lilikuwa limeziba ufuko,
wenye mitumbwi wakilitukana kwa majina ya wakwe zao.
Tukaomba shina moja. Nani angetunyima?
Nyumbani nikalikata kwa mkasi wangu,
mkasi ambao ni mwiko kugusa kitu kisicho kitambaa.
Ndani: vyumba, vyumba, vyumba vidogo,
vikavu, havina mpangaji.
Limi akakididimiza kipande majini, mapovu yakapanda.
"Limebana pumzi," akasema,
na mimi niliyekulia kando ya ziwa hili
nilikuwa sijajua kwa nini haliendi chini.
Kifungo kilizama. Dagaa mkavu akaelea;
kulipokucha alikuwa chini ya ndoo,
laini, kana kwamba amekumbuka kwao.

Tukaisahau ndoo.

Wiki ya pili Mama Kwandu akachungulia juu ya ua:
"Mnafuga mbu humo!"
Tukainama wote watatu. Alikuwa na haki.
Viluwiluwi, vyembamba kama uzi namba arobaini,
vichwa chini, mikia juu.
Limi alihesabu kumi na tisa kabla havijatawanyika.
Akangoja vipande tena.
"Mama. Vinapumulia mkia."

Nikaibeba ndoo, nikaimwaga juu ya jiwe la moto.

"Vitakufa?"
"Ndiyo."

Mwaka jana Shija alilala Bugando siku tisa,
sindano ya dripu ikiutafuta mshipa kwenye mkono
usiotosha kushika embe.
Sikulisema hilo. Labda ningelisema.
Limi alikaa kwenye jiwe, kidevu magotini,
akitazama maji yanavyoondoka na vilivyomo visivyoondoka.
Hakulia. Hakuuliza zaidi.
Kisha akaitoa chaki mfukoni,
akalizungushia mstari doa la maji.
Doa likarudi ndani; akazungusha mwingine.
Kisha wa tatu, mdogo kama sahani ya Shija.

Mwenye gauni alipofika jioni, pindo lilikuwa wazi.
Akauliza kulikoni.
Nikamwambia ukweli:
chaki iko kazini.