Hodi ya Nne

Marjun alipiga simu mara ya tatu wiki ile.
"Asubuhi upo," akasema, "mchana umetoweka,
na kompyuta inaapa kwamba nimeunganishwa.
Nimeunganishwa na nini, basi?"

Nikaenda Klaksvík. Mvua ilikuja kwa ubavu,
kondoo wawili barabarani, hawana haraka na mtu.

Kazi yetu huanza na maswali ya kitoto.
Umezima ukawasha? Amezima, amewasha,
amehesabu hadi thelathini kama alivyoagizwa.
Kebo imekaa? Imekaa.
Nikaichomoa hata hivyo, nikaichomeka mpaka ikalia ta!
maana jicho la mwenye nyumba hudanganywa na mazoea.
Taa zote kijani.
Nikaisogeza ruta mbali na mikrowevu.
Nikamsimamisha jikoni, kisha ngazini, simu mkononi,
akinitajia vijiti vya mawimbi: viwili, vitatu, viwili,
kama anayehesabu vifaranga visivyotulia.

Ndipo nikakaa kwenye kompyuta, nikabisha.
Unatuma neno dogo kwenye mlango wa nyumba;
mlango ukiitika, unabisha ulio mbele yake.
Hodi.
Hodi.
Hodi.
Waungwana hubisha mara tatu, wakinyimwa jibu hurudi.
Fundi analipwa kwa saa.

Nikaitazama anwani tuliyopewa:
mia moja tisini na mbili, mia moja sitini na nane,
sifuri, kumi na saba.
Sifuri?
Ruta niliyoifunga mwenyewe mwezi Machi
haigawi za sifuri. Hugawa za moja.

"Nyumba hii ina ruta ngapi?"
"Moja." Akatazama dirishani. "Moja," akarudia,
kama atiaye sahihi karatasi asiyoisoma.

Nikafuata waya mweupe, mwembamba,
uliopakwa rangi pamoja na ukuta.
Ulipita nyuma ya kabati la sahani, ukatoboa fremu ya dirisha,
ukaingia banda la kukaushia nyama,
lile ambalo mbao zake zimeachana makusudi, upepo upite.
Mapaja ya kondoo yananing'inia, yamevaa ukungu wa miezi,
na kati yake, kwenye ndoano,
chini ya kopo la aiskrimu lililofunikizwa,
ruta kuukuu inakonyeza jicho moja la njano.

Jákup. Miaka miwili tangu azikwe.
Aliiweka ili alale kitandani akitazama kwa kamera
kama nyama inakauka au inaoza.
Kamera ilikufa. Ruta haikuambiwa.
Kila kifaa kilichoamka nyumbani na kuuliza,
niitwe nani, nipitie wapi?
yenyewe ilikimbilia kujibu,
siku nyingine ikiitangulia ile mpya:
wewe ni kumi na saba, pitia kwangu.
Na kwake hakukuwa na njia. Kulikuwa na nyama na upepo.

Zamani hazikugombana, ruta zake mbili;
Jákup alijua kuzipatanisha.
Mimi ndiye niliyeleta mgeni,
mimi niliyeukuta waya mweupe Machi
nikauchomeka bila kuuliza uendako.

Nikamweleza Marjun: naweza kuizima,
au kuinyamazisha tu, iendelee kuwaka, isigawe kitu.
Nilidhani atachagua kuwaka.
Akafuta mikono kwenye aproni.
"Zima. Umeme si bure."
Akakata pande la nyama, akanipa, akangoja nitafune.

Hodi.
Mlango ukaitika kwa sehemu nne za elfu ya sekunde.

Sikumwambia habari za waya.
Garini, kwenye fomu, penye chanzo cha hitilafu,
kopo la aiskrimu likinuka kitini pembeni,
niliandika neno ambalo visiwani hapa halihojiwi:
upepo.