Mtu wa Mistari Mitatu

Waliileta imefungwa kanga ya marehemu,
Faki kashika upande huu, Kombo upande ule,
kama jeneza dogo, kutoka Wete kwa boti ya asubuhi.
Kioo kimepasuka. Fremu ya msaji imeliwa na dumuzi,
unga wake ukamwagika mezani kwangu.
"Time binti Vuai, baba yako alikuwa fundi.
Tukatie katikati."

Nikaifungua.
Merikebu mbili za Kizungu, ubavu kwa ubavu,
mizinga imetoa ndimi,
foromali zimevunjika kama miguu ya kaa,
na moshi, moshi wote ule, ni mistari
ambayo mtu aliipitisha mmoja mmoja kwenye bamba la shaba
akiwa kakaa mahali pakavu, naamini, hajawahi kulowa:
maana matanga yamevimba kuelekea kushoto
na bendera zinapepea kulia.
Bendera hufuata upepo. Huyu hakuambiwa.

Chini pana maandishi.
Nani alimpiga nani, mwaka gani, bahari ya wapi,
mdudu kala jina la mshindi
akaliacha la mwenye kiwanda cha kuchapia.
Tena kaitoboa merikebu ya kulia, chini ya usawa wa maji,
matundu kumi na saba, nimeyahesabu,
kazi ambayo mizinga yote ile
haikuiweza kwa miaka mia mbili.

Ilitundikwa juu ya kitanda cha bibi yao.
Babu aliinunua mnadani, mwaka karafuu zilipokubali.
Bibi akaichukia, kisha akaizoea,
akazipa merikebu majina ya mawifi zake.
Wajukuu wakiugua surua alilala nao chini yake
akiwaambia: huo si moshi, ni mvuke, watu wanapika wali.
Matanga yake yalikwisha siku ya tatu;
haya ya karatasi bado yamevimba.
Shamba limegawiwa kisharia,
mikarafuu imehesabiwa shina kwa shina,
bangili zimepimwa kwenye mizani ya sonara.
Imebaki hii. Na ndugu hawasemezani
ila kupitia kwangu:
"Mwambie achukue ya kulia, yenye matundu."
"Mwambie sitaki. Mkubwa nani?"

Nikaweka rula ya chuma.
Katikati ni katikati, nikapima mara mbili.
Kisu kipya. Nikainama,
ndipo nikamwona.

Baina ya merikebu, majini,
mtu.
Mistari mitatu tu: kichwa, mkono, mkono.
Mdogo kuliko punje ya mtama.
Hana bendera. Hujui kaanguka kutoka ipi.
Na ukingo wa rula umempita utosini.

Nikawaita waje na miwani.
Faki akatazama. Kombo akatazama.
Nje, kichochoroni Kiponda, muuza urojo alikuwa akigonga sufuria.
"Huyu," akasema Kombo, na safari hii
hakuzungumza nami, "bibi alimwitaje?"
Faki akakuna ndevu.
"Hakumtaja. Miaka yote ile. Labda hakumwona."

Hawakupatana, usidhani.
Waliondoka kwa boti mbili.
Huu mwezi wa saba picha ipo kwangu
na hata kioo hawajalipia.
Nimeisafisha kwa chembe za mkate mkavu,
matundu nimeyaziba kwa uji wa ngano na karatasi nyembamba;
merikebu imekubali kuelea tena.
Bendera nimeziacha zilivyo.
Pale katikati sikutia mkono.

Usiku nikishafunga duka
namulika kwa simu, mara moja.
Yupo. Mkono mmoja kauinua,
wa kulia au wa kushoto, siwezi kuapa:
bamba la shaba, alikuwa akisema baba,
hugeuza kila kitu likichapwa.