Boksi Lililofunguliwa

Laki nne na sitini, badala ya laki tisa.
Muuzaji ameandika: haijatumika, boksi tu ndilo lililofunguliwa.
Nimeisoma sentensi hiyo mara sita
nikiwa nimelala chali, saa nane usiku, Majengo,
simu ikinimulika pua
na kompyuta yangu pembeni ikihema
chini ya nyumba ya Bwana Temu wa Kibosho,
nyumba ambayo bado ni mchoro:
imemaliza bati, imemaliza madirisha,
tangu magharibi inatafuta kivuli cha baraza.

Rahisi ghali, najua.
Lakini na ghali nayo ni ghali.

Nikabonyeza.

Mama anauza mitumba Memorial, mwaka wa ishirini na mbili huu.
Belo likikatwa kamba yeye ndiye wa kwanza kuinama.
Shamba hana la kunirithisha; alinifundisha hivi:
nusa kwapa kabla ya kusifu rangi,
pindua mfuko, ndani uwe nje,
inua suruali juani uyaone mapaja yaliyochoka,
na usiliulize koti limetoka wapi,
koti halisemi. Mshono ndio unaosema.

Siku kumi na moja. Kadi imefika Dar,
kadi imelala Dar, kadi inadaiwa ushuru Dar,
kisha kijana wa vifurushi stendi akanipigia:
"Dada Aikande, mzigo wako mwepesi, ni vipodozi?"

Nikauweka mezani. Mama akasogeza kiti.
Gundi ya boksi ilikuwa imebanduliwa mara mbili.
Nikanusa feni.
Si sigara. Si jiko. Kitu kama chumba
kisichofunguliwa dirisha mwaka mzima.
Skrubu moja kati ya nne imelika kichwa,
bisibisi ya mtu mwenye haraka.
Na katikati ya mapezi ya alumini, kwa kibano cha nyusi,
nikachomoa unywele mmoja mrefu,
mwekundu kama ndevu za hindi.

"Haijatumika," nikasema.
Mama akacheka hadi akashika meza.

Mimi nikawaza wale wanaozirundika kadi hizi ghalani kwa mamia,
usiku na mchana zichimbe sarafu isiyoshikika,
kisha wazipanguse, waziuze.
Nikamkumbuka Mjomba Elinami, miaka tisa Mererani:
naye alirudi amenyolewa, kavaa shati jipya,
tukamwona mzima
mpaka alipopanda ngazi za kanisa.

Basi nami nikaipandisha ngazi.
Nyumba ya Bwana Temu, yote, taa zote zikiwaka,
na migomba kumi na minne kwa nyuma,
kila jani na mchaniko wake.
Feni zikavuma. Nyuzi sitini. Sabini. Sabini na nane.
Mama akaweka kiganja juu ya kasha
kama anayepima homa ya mtoto.
"Ina kikohozi?"
"Sijui. Subiri."
Tukasubiri, wawili, kimya,
balbu ikikonyeza kama inayojua jambo.

Chai haijachemka,
kivuli kikateremka barazani,
kikakaa.

Nina siku tatu bado za kuirudisha.
Feni ya kushoto inagonga kidogo inapoanza, tk, tk,
kama mtu anayetafuta funguo gizani.
"Mshono umerudiwa," kasema Mama, "ila umerudiwa na fundi."
Hakusema kaa nayo, hakusema rudisha.
Boksi amelichukua. Anatilia humo vifungo
vinavyodondoka kwenye makoti ya watu.