Mtambaa Panya

Nimetumwa Arua kununua mabao.
Ndivyo alivyosema kocha mkuu, wala hakucheka:
"Wanne wanahitimu Januari. Niletee walioiva,
sina muda wa kupanda mbegu."
Kwa hiyo nikazipita shule za sekondari,
nikaenda vyuo vya ufundi, vile vya miaka miwili,
wanakosoma vijana waliopungukiwa alama mbili
au ada ya muhula mmoja.

Nina daftari. Nina saa ya kupimia mbio,
fomu tatu zenye mhuri wa chuo kikuu,
na nauli ya kurudi ndani ya soksi.

Uwanja wao umeinama upande mmoja.
Mpira ukiachwa huenda wenyewe
mpaka mlangoni mwa karakana, kama mwanafunzi aliyechelewa.

Nilimfuata winga, Andama,
aliyesifiwa na watu wa Koboko hadi simu yangu ikazimika.
Kweli, ana mbio. Niliandika: mbio.
Ana mguu. Niliandika: wa kushoto.
Dakika ya ishirini akaanza kunitazama mimi
badala ya mpira.
Nikafuta.

Golini alisimama kijana ambaye hakuna aliyenitajia.
Si mrefu. Glovu zake za ngozi ngumu, za fundi,
zimeungua kwenye vidole.
Aliwapanga mabeki kwa Kilugbara, akawatukana kwa Kiswahili,
na penalti ilipopigwa hakuruka upesi.
Alingoja
kama mtu anayengoja chuma kipoe,
kisha akaudaka.

Filimbi ya mwisho, wenzake wanakimbilia maji,
yeye yupo palepale, anagonga mlingoti kwa kidole,
ametega sikio.
"Goli hili nimelilehemu mwenyewe," akasema.
"Mtambaa panya ni bomba la kisima cha zamani.
Kiungo hiki cha kulia ni cha mwaka wa kwanza, kibovu.
Mpira ukigonga hapa, goli zima linalia."
Akagonga. Likalia.
Jina lake Ezaruku.

Tulikula enyasa na angara kwa shangazi yake,
nami nikatandaza bidhaa:
ada imelipwa, kitanda bwenini,
buti jozi mbili kwa mwaka, mlo mara mbili kwa siku.
Nilijisikia sauti ikipanda
kama ya muuza sumu ya panya siku ya gulio.
Shangazi hakuacha kusugua sufuria.

"Nikivunjika mkono?" akauliza Ezaruku.
Nikamwambia tuna daktari.
"Mkono najua utapona. Naulizia kitanda."

Sufuria ikanyamaza.

Aya ya saba inasema ufadhili
"utaangaliwa upya kila muhula kulingana na mchango wa mchezaji."
Maneno laini, yamepigwa pasi.
Mimi nililetwa Kampala kutoka Soroti
kwa karatasi kama hii,
na goti langu la kulia linaijua aya ya saba kwa ghibu.
Walikuja kuchukua godoro Jumanne. Nilikuwa nimelilalia.

Ningeweza kumdanganya. Nina kipaji hicho,
ndiyo maana hutumwa mimi.
Nikamsomea aya yote, polepole, pamoja na nukta.

Akanawa mikono. Akafikiri.
"Njoo Novemba," akasema. "Nina mtihani wa kulehemu.
Nikishapata cheti,
hata nikivunjika nitakuwa nimevunjika fundi."

Basi limefika Karuma, nyani wanatazama madirisha yetu
kwa jicho la wasajili.
Simu inaita. "Umenunua?"
Nasema mtandao mbaya, na mtandao ni mzuri kabisa.

Kwenye daftari, chini ya urefu na uzito,
nimeandika: anasikiliza chuma.
Halafu nimetoa fomu moja kati ya zile tatu
na kuichora mstari aya ya saba.
Sina mamlaka hayo. Ni penseli tu, inafutika.
Ila nimekandamiza sana;
ukigeuza karatasi, mstari unaonekana kwa vidole
upande wa pili.