Deni la Ndoo

Nyumba ya kanisa haikuwa yetu.
Tulikabidhiwa ufunguo na orodha:
vitanda vitatu vya kamba, meza, kabati lisilo na kitasa,
na kuku jike wa padri aliyetutangulia,
ambaye hakuwamo kwenye orodha
ila alikataa kuhama.

Baba, Padri Osmundi Nandonde,
alipewa mitaa saba na baiskeli moja.
Mama hakupewa kitu. Akaitwa Mama Padri,
na jina lake, Skolastika,
likabaki Masasi kwa shangazi
pamoja na cherehani.

Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori.
Nikiigonga alfajiri nilijua
Mama ameshafika nusu ya mteremko,
anashuka Shimo la Mungu kwa nyayo za kupapasa
kutafuta maji yaliyotukimbia.
Newala iko juu, maji yako chini;
ndivyo tulivyopangiwa.
Baba akihubiri kuwa baraka hushuka kutoka juu,
Mama, mwenye ngata bado kichwani,
alicheka kwa pua.

Msimu wa korosho kapu la sadaka lilikuwa zito.
Miezi mingine tuliletewa ming'oko, yai,
mara moja kifungo cha shati.
Baba alikiinua madhabahuni kama noti mpya.
Jumatatu Mama akakishona kwenye kanzu yake.

Kisha ukaja mwaka ule, Watakatifu Wote,
mawingu yakipita kama wageni wasiotujua.
Tadei, mdogo wangu, alikuwa na homa siku ya tatu.
Nyuma ya mlango ilibaki ndoo moja,
imefunikwa kanga.
Kanisani watoto kumi na mmoja walisubiri ubatizo,
mama zao wametembea tangu usiku,
na beseni lilikuwa kavu.

Baba aliingia na kanzu yake nyeupe.
Aliitazama ndoo. Alimtazama Mama.
Hakusema naomba.
Mama hakusema chukua.
Alichovya kitambaa, akakiweka juu ya paji la Tadei,
akageukia ukuta.
Nilisikia mshikio wa ndoo ukilia.

Mimi ndiye niliyeshika kopo.
Festo, nakubatiza. Anzelma, nakubatiza.
Maji yalitiririka toka visogoni
yakanywewa na sakafu ya udongo,
na kwa mara ya kwanza nilimchukia Mungu,
kidogo tu,
ujazo wa kisoda.

Jioni Mama alishuka tena Shimoni na taa ya chemli.
Tulikiona kimwanga chake kikipungua, kikipungua,
kisha giza likawa giza.
Baba alikaa kizingitini hadi aliporudi.
Siku hiyo hatukusali sala ya usiku.

Tadei alipona. Sisemi ni muujiza;
pengine homa nayo huchoka.
Leo anauza vipuri Nachingwea
na kanisani huenda kwa harusi tu.

Mwaka jana tulimzika Baba.
Nikapewa madaftari yake ya ibada niyapeleke dayosisi,
nikayafungua njiani, Mungu anisamehe.
Mwandiko wake mdogo, wa kubania karatasi:
Watakatifu Wote. Komunyo, 64. Ubatizo, 11.
Sadaka, korosho kilo tisa.
Na kwenye safu ya maelezo, ambayo kila ukurasa aliiacha wazi:
Maji ya nyumbani, ndoo moja. Deni.

Nilipekua hadi mwaka aliostaafu
nikitafuta palipoandikwa "limelipwa."
Nilikuta ndoa, maziko, bei ya mabati,
mchwa walioila mimbari.

Nikageuza safari, nikarudi kumsomea Mama.
Alikuwa uani anapepeta mbaazi.
Ungo haukusimama.
"Moja?" akasema.
"Na ile ya usiku?"