Dakika Kumi, Barabara ya Lochee

Jumanne, Dundee. Ukungu umepanda kutoka mto Tay
ukakaa madirishani kama mgeni asiyeaga.
Bwana Geddes yuko kitini, kofia mapajani,
dereva wa basi mstaafu, mgane wa miaka sita.
Jumamosi anaoa.

Amejing'arisha meno mwenyewe, nyumbani, usiku kumi na nne,
kwa jeli aliyoagiza kwa posta.
Sasa ni meupe kama sinki la hospitali,
na jana, akila tosti, la mbele likameguka pembe.
"Nigandishieni tu," asema. "Kazi ya dakika tano."

Daktari Sutherland anachungulia, ananyamaza, ananitazama.
Tunalijua sote lililojificha humo:
peroksaidi imekwenda zake, pumzi yake imebaki,
oksijeni imejibanza kwenye vijitundu vya jino
kama moshi wa jana kwenye pazia.
Gundi ikija itakutana na hiyo kwanza,
itakataa kukauka, itashika nusu nusu,
na Jumamosi, katikati ya "nakubali",
pembe itadondoka kwenye keki.

"Wiki mbili," daktari anamwambia. "Jino liteme lilichomeza."
Bwana Geddes anahesabu vidole
kana kwamba vitaongezeka.
"Mwenzangu ana miaka sabini na moja," asema.
"Wiki mbili zake si sawa na zako."

Ndipo natumwa kabatini.
Unga mweupe, maji, mizani ndogo:
askobati ya sodiamu, asilimia kumi,
vitamini C iliyoachishwa ukali.
Nakoroga huku nacheka moyoni. Mimi wa Muheza,
niliyekua nikifyonza machungwa yaliyopasuka, yasiyouzika,
hadi midomo ikawasha,
nimevuka maji yote haya
nije kumpaka Mskoti uchungwa kwenye jino,
katika mji uliojipatia jina
kwa kupika maganda na sukari.

Dakika kumi. Nashika saa.
Hakuna povu. Hakuna mvuke.
Siwezi kukuonyesha chochote kikitokea.
Ni kazi ya msuluhishi: anamwendea mwenye hasira,
anampa kile alichokuwa akikidai,
ugomvi unakwisha,
na aliyeharibika ni yeye.

Dakika ya saba chozi linamtoka Bwana Geddes
pembeni mwa jicho. Huenda ni taa.
Nampangusa. Mdomo wake uko wazi, hawezi kueleza,
nami sikumuuliza.

Suuza. Tindikali ya buluu. Suuza tena.
Gundi, upepo mwembamba, taa.
Daktari anajenga pembe kwa kijiko kidogo kuliko ukucha,
akilalamika kwamba weupe huu haumo kwenye boksi letu,
kwamba jino litafifia baada ya mwezi na kiraka hakitafifia.
Tulimwambia. Akasaini.

"Ile jeli," anauliza akishafungua taya,
"mbona ina ladha ya chumvi? Nilitegemea chungwa."
Hata mimi nilitegemea, siku ya kwanza.

Nampa kioo.
Hatabasamu. Anakisogeza karibu, anasema,
"Nakubali."
Kisha tena, kwa sauti zaidi, akiiuma ile herufi ya mwisho.
Kisha ananyamaza, kichwa kimeinama upande,
kama alivyokuwa, nadhani, akisikiliza injini.