Vitufe

Korosho zikishauzwa zote, mwezi wa tano,
ghala la chama hapa Newala hubaki na harufu ya katani
na panya wawili watatu waliokosa pa kwenda.
Hapo ndipo Mwalimu Dadi Nampembe hututandikia magunia matupu
na kusema: leo hakuna mateke.
Leo ni kidole.

Mwili, asema, ni nyumba yenye vitufe.
Hapa, chini ya sikio, kwenye kishimo taya linapoanzia.
Hapa, kwa ndani ya kiwiko,
mshipa umelala kama mjusi chini ya jiwe.
Hapa, bonde la gumba na shahada.
Usisukume. Tafuta.
Bonyeza kama mtu anayeuliza swali na jibu analo.

Nami nikatafuta. Mimi Somoe, karani wa mizani,
mkanda wa njano, kidole kilichozoea peni.
Nikamwangusha Chilumba wa bodaboda kwa gumba moja tu,
akapiga magoti akimwita mama yake kwa Kimakonde,
darasa zima likacheka,
nami nikajiona nimekuwa mtu.

Kisha nikapangiwa Likapa.

Likapa mnamjua, yule kuli.
Misimu saba nimeandika uzito wa magunia yake:
themanini na moja, themanini, sabini na tisa na nusu.
Uzito wake mwenyewe sijauandika hata siku moja.
Alikaa mbele yangu, akanipa shingo.
Nikabonyeza chini ya sikio. Kimya.
Nikabonyeza begani, pale ambapo Mwalimu huapa
hata tembo angelalamika.
Ngozi ya pale ilikuwa ngumu kama kisigino.
Kilichouma ni kidole changu.
"Bado," alisema kwa upole,
kama mtu anayengoja chenji.

Mwalimu akaja mwenyewe. Akakunja mikono ya shati,
akafungua daftari lenye mchoro wa mtu asiye na uso,
akapima vidole viwili kutoka mfupani,
akabonyeza kwa gumba, akabonyeza kwa kiwiko,
mpaka jasho likamtoka yeye.
"Bado, Mwalimu. Samahani."
Wakampigia makofi. Jabali! Chuma!
Likapa peke yake hakucheka.

Alirudi Jumatano. Na Jumatano iliyofuata.
Kupiga hakutaka, kukwepa hakutaka.
Alikuja kubonyezwa, basi.
Nikadhani anaringa.

Hadi jioni moja tukikung'uta magunia,
vumbi limetujaa puani, akasema bila kuniangalia:
"Mwanangu hunikwea begani.
Mimi sijui kama bado yuko juu au ameshashuka.
Mpaka nitazame kivuli."

Tangu siku hiyo sikumbonyeza kama mwanafunzi.
Nilimtafuta kama nitafutavyo kilo zilizopotea kitabuni,
mstari kwa mstari, ukurasa kwa ukurasa,
mtu anapokuwa na hakika kwamba hesabu ipo
ila imejificha nyuma ya tarakimu.
Nyuma ya goti. Ukingo wa mbavu.
Kule gunia lilikokaa miaka yote,
kisha kule lisikowahi kufika.

Ukungu wa Juni ulikuwa umeingia hadi mlangoni,
Chilumba amewasha taa ya pikipiki tupate kuonana.
Na mahali, sitakutajia wapi,
mahali pasipo kwenye mchoro wa Mwalimu,
Likapa alishtuka.
Akaushika mkono wangu. Hakuutoa.
"Hapo."
"Panauma?"
"Panauma," alisema, na sauti yake ikawa
ya mtu aliyeitwa jina lake sokoni na asiyemjua.
"Panauma sana. Rudia."

Nikarudia, taratibu.

"Vipi huko," Mwalimu akauliza kutoka gizani,
"mmekipata?"

Mimi hulipwa kwa kuandika kila kinachopita mlangoni.
Nikamtazama Likapa, macho yamemlowa, anatikisa kichwa.

"Bado, Mwalimu," nikasema.